Utu bila dhehebu: wanautu wa Afrika Mashariki na Kusini, na maana ya ushirikiano wao kwa wakazi wa Ziwa Mweru

Katika mwambao wa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi vijiji vya wavuvi vinavyotazamana na Kongo, karibu kila jambo zito la maisha hupitia kanisani. Msiba ukitokea, kwaya na kina mama wa kanisa ndio wanaokuja kukesha. Mgonjwa akizidiwa, hupelekwa St. Paul's, hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Mgeni akihamia kijijini, mara nyingi huulizwa jina lake, kisha huulizwa anasali wapi.

Swali hilo huulizwa kwa wema, lakini wapo wasio na jibu. Sensa ya Zambia ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa asilimia 1.8 ya wananchi hawakuwa na dini yoyote. Kwa nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 13 wakati huo, hao ni zaidi ya laki mbili. Wengi wao hawana chama wala mahali pa kukutana, na baadhi huona ni salama zaidi kutaja dhehebu la wazazi wao kuliko kusema ukweli.

Makala hii inaeleza wanautu ni nani, sheria ya Zambia inasema nini kuwahusu, na namna vyama vyao katika nchi jirani vilivyojifunza kushirikiana.

Maana ya maneno

Wanautu hushikilia kwamba binadamu anaweza kuishi kwa maadili mema na kuwajibika kwa wenzake kwa kutumia akili, ushahidi na huruma, bila kutegemea ufunuo wa dini. Vyama vyao vya kitaifa vimeungana katika shirika la Humanists International, lililoundwa Amsterdam mwaka 1952. Misingi yao imeandikwa katika Azimio la Amsterdam, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2002 na tena mwaka 2022.

Chama kisichofungamana na dini ni kitu kingine. Chama cha akiba na mikopo, kamati ya wavuvi au timu ya mpira haimuulizi mwanachama imani yake, na aghalabu wote waliomo ni waumini. Tofauti hii huchanganywa mara nyingi, na mchanganyiko huo huwaumiza wanautu: mtu akisikia "si cha dini" hudhani ni "cha kupinga dini".

Utu wa Kaunda

Nchini Zambia neno hili lina historia yake. Mwaka 1967, mwaka uleule Tanzania ilipotangaza Azimio la Arusha, Rais Kenneth Kaunda aliufanya utu kuwa falsafa ya taifa. Kitabu chake cha mwongozo kilitoka mwaka huo, na sehemu ya pili mwaka 1974. Kilimweka mtu katikati ya siasa na uchumi, na kikasifu kijiji cha jadi ambamo mgeni hulishwa na mzee hatupwi.

Hata hivyo utu wa Kaunda haukuwa wa kukana dini. Baba yake, David Kaunda, alikuwa mmisionari wa Kanisa la Skotilandi huko Lubwa, Chinsali, na mwana aliandika kama Mkristo. Kwake, thamani ya mtu ilitoka kwa Mungu. Ndiyo maana wazee wengi wa Luapula wakisikia leo habari za wanautu hufikiri ni masalia ya chama cha UNIP, jambo ambalo si sahihi.

Falsafa hiyo pia haikuwalinda wote. Mwaka huohuo wa 1967 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mwanafunzi Feliya Kachasu, wa Mashahidi wa Yehova, aliyesimamishwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Alidai uhuru wa dhamiri, akashindwa. Mashahidi wa Yehova ni wengi katika Mkoa wa Luapula, na miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwao. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na mwanautu yeyote anayedhani kwamba uhuru wa dhamiri ni hoja ya wasioamini pekee; waliotangulia kuudai nchini Zambia walikuwa waumini wa kweli kweli.

Sheria ilivyo sasa

Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Frederick Chiluba alitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo. Tangazo hilo liliingizwa katika utangulizi wa katiba mwaka 1996 na limebaki baada ya marekebisho ya 2016. Lakini sentensi hiyohiyo ya utangulizi inalinda haki ya kila mtu ya dhamiri, imani au dini, na kifungu cha 19 kinalinda uhuru wa dhamiri na wa kubadili imani. Kwa hiyo mwanautu hatendi kosa kwa kuwa mwanautu. Siku ya maombi ya taifa, Oktoba 18, ni sikukuu ya umma tangu 2015. Wizara ya Mwongozo wa Taifa na Masuala ya Dini iliundwa 2016, kisha ikavunjwa mwaka 2021 baada ya Rais Hakainde Hichilema kuingia madarakani.

Chama kinachotaka kufanya kazi hadharani hupaswa kuandikishwa kwa Msajili wa Vyama. Nchini Zambia lipo kundi linalojulikana kama Humanists and Atheists of Zambia. Kwa mkazi wa Nchelenge, hata hivyo, Lusaka ni safari ndefu ya basi, na chama cha mji mkuu hakimfikishii mtu jirani wa kumzika.

Yaliyotokea kwa majirani

Uganda ndiyo iliyotangulia. Chama cha wanautu cha nchi hiyo kilianzishwa mwaka 1996, na mwaka 2004 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa wanautu. Kilichozaa matunda zaidi, pengine, ni shule. Ya Isaac Newton iko karibu na Masaka, ya Mustard Seed iko Busota, na mwaka 2011 ikafunguliwa shule ya msingi ya wanautu ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, si mbali na mpaka wa Kongo. Shule hizi hupokea watoto wa dini zote. Mzazi Mwislamu au Mlokole humpeleka mtoto wake kwa sababu ya masomo ya sayansi na ada anayoimudu, na humo ndimo ujirani unapojengeka.

Uganda ina somo jingine lisilopendeza. Sehemu kubwa ya fedha za majengo ya shule hizo hutoka kwa wafadhili wa Uingereza. Vyama vilizaliwa vingi na vidogo, kila kimoja kikiwa na mwanzilishi wake na tovuti yake, na si rahisi kuvishawishi vigawane mfadhili mmoja. Wakazi wa Luapula walioona mashirika yakija na kuondoka hawahitaji maelezo marefu hapo.

Kenya njia ilipita mahakamani na katika ofisi za serikali. Chama cha Atheists in Kenya kiliandikishwa Februari 2016, kikasimamishwa Aprili mwaka huo kwa hoja ya amani na utulivu baada ya malalamiko ya viongozi wa dini, kisha usimamishaji huo ukaondolewa. Nigeria hali ilikuwa nzito zaidi. Mubarak Bala, kiongozi wa wanautu wa nchi hiyo, alikamatwa Aprili 2020 kwa maandishi yaliyodaiwa kukufuru Uislamu, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022, na akaachiwa Januari 2025 baada ya adhabu kupunguzwa. Vyama vya nchi nyingi vilidai aachiwe kwa miaka yote hiyo.

Uchawi, na pale waumini na wasioamini wanapokutana

Jambo linaloweza kuwaunganisha watu wa Mweru, wenye dini na wasio nayo, ni tuhuma za uchawi. Sheria ya Zambia ya mwaka 1914 inafanya kuwa kosa kumwita mtu mchawi au kujitangaza mtafuta wachawi. Pamoja na hayo, kifo cha ghafla bado kinaweza kumgeuza bibi kizee kuwa mshukiwa. Historia ya eneo hili ina makovu: mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliua watu wengi waliodaiwa kuwa wachawi, kwanza Rhodesia Kaskazini na kisha Katanga, akanyongwa mwaka 1926.

Nchini Malawi chama cha wanautu, kikiongozwa na George Thindwa, kiliwatetea watu waliofungwa kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake wazee. Mnigeria Leo Igwe alianzisha mwaka 2020 mtandao wa kuwatetea watuhumiwa barani kote. Mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya madhara ya tuhuma za uchawi. Katika kazi hii padri, mchungaji na mwanautu wanaweza kusimama mlango mmoja mbele ya kundi lenye hasira, na hakuna anayelazimika kuacha imani yake kwanza.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulifuatilia suala hili. Tangu Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Nchelenge na Chiengi wakikimbia mapigano, na makazi ya Mantapala yalifunguliwa Januari 2018 kwa mpango wa wakimbizi na wenyeji kutumia shule na zahanati kwa pamoja. Mgeni aliyefiwa na asiye na ukoo kando yake ni rahisi kushukiwa, na ni vigumu kwake kujitetea kwa Kibemba cha kubabaisha. Anayetishiwa kwa tuhuma ya uchawi anaweza kuripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Hahitaji barua ya kanisa wala kitambulisho cha chama.

Ziwa lenyewe lina mfano mwingine. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Katazo hilo hushika pale kamati za wavuvi, machifu na maofisa wa idara ya uvuvi wanapokubaliana nani atalinda ufuko upi, na nyavu zinazokamatwa hazina dhehebu.