Neno Moja Kati ya Marekani na Uchina

Watu wengi wasikiapo habari za ugomvi wa Serikali ya Marekani na Serikali ya Uchina hudhani ni ugomvi wa biashara tu. Ni kweli, biashara yawagombanisha. Mwezi wa Aprili 2025 Marekani ilitoza bidhaa za Uchina ushuru wa 145 kwa mia, nao Wachina wakajibu kwa 125 kwa mia. Lakini mwezi wa Mei wajumbe wao walikutana Geneva wakaupunguza. Ushuru hupanda na kushuka. Liko jambo jingine zito zaidi, nalo ndilo litakaloamua kama mataifa haya mawili yatakaa kwa amani au yatapigana, yaani kisiwa cha Taiwan.

Asili yake ni hii. Mwaka 1949 majeshi ya Mao Zedong yalishinda katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye Chiang Kai-shek akakimbilia Taiwan pamoja na serikali yake. Kila upande ulisema, Uchina ni moja, nasi ndio wenye kuitawala. Marekani ikashikamana na Chiang, na kwa miaka 30 ikafanya kana kwamba mamilioni ya watu wa bara wanatawaliwa kutoka kisiwani! Katika Umoja wa Mataifa pia kiti cha Uchina kilikaliwa na wajumbe wa Taiwan, mpaka tarehe 25 Oktoba 1971 ilipopigwa kura, 76 kwa 35, kuwapa watu wa Beijing kiti kile. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio hilo, na mjumbe wetu, Salim Ahmed Salim, alishangilia waziwazi ukumbini. Mwaka 1981, alipotaka kuwa Katibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na Uchina, iliyomtaka yeye, ikamzuia Kurt Waldheim; hata mwisho akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Basi, mwezi wa Februari 1972 Rais Richard Nixon alikwenda Beijing, akaonana na Mao, akazungumza siku nyingi na Zhou Enlai. Wote wawili waliiogopa Urusi, kwa hiyo kila mmoja alimhitaji mwenzake. Lakini juu ya Taiwan hawakuweza kupatana. Wakatafuta maneno ambayo kila mmoja angeweza kurudi nayo kwa watu wake bila aibu. Katika tamko lililotolewa Shanghai, Marekani ilisema yajua kwamba Wachina wa pande zote mbili za mlango wa bahari hushikilia kuwa Uchina ni moja na Taiwan ni sehemu yake, wala haipingi kauli hiyo. Yatazame sana maneno haya. Mtu akisema barazani, "Najua jirani yangu adai shamba lile," hajasema bado kwamba shamba ni la jirani.

Serikali hizo zilipoanza uhusiano wa kibalozi, tarehe 1 Januari 1979, neno la Kiingereza lilibaki lile lile, bali katika nakala ya Kichina lilibadilika. Mwaka 1972 liliandikwa renshi, maana yake kujua. Sasa likaandikwa chengren, maana yake kukiri. Wamarekani walisema wao hufungwa na Kiingereza chao, Wachina nao wakashika Kichina chao. Aliyepata kufasiri kitabu hatashangaa kwamba neno moja laweza kubeba mzigo mkubwa hivi.

Wako wauitao mwafaka ule unafiki. Mimi naona ulikuwa busara, kwa kuwa wote waliouandika walijua ni kitu gani wanakiacha bila kukikata. Taabu ni kwamba waliokuja nyuma yao hawaridhiki kuliacha neno lilivyo. Rais Joe Biden, katika miaka 2021 na 2022, alisema zaidi ya mara moja kwamba Marekani ingeilinda Taiwan, na kila mara maofisa wake wakasema siasa yao haikubadilika. Mwezi wa Agosti 2022 Spika Nancy Pelosi alipozuru kisiwa, Uchina ilirusha makombora baharini kandokando yake. Tena watu wa Taiwan wenyewe, wapatao milioni 23, ambao tangu 1996 humchagua rais wao kwa kura zao, hawakuulizwa neno mwaka 1972.

Sheria ya Marekani ya Aprili 1979 yaamuru kisiwa kipewe silaha za kujilinda, nayo yahesabu jaribio lolote la kukitwaa kwa nguvu kuwa jambo la kutia wasiwasi mkubwa. Sheria ya Uchina ya Machi 2005 yaruhusu nguvu itumike ikiwa tumaini la kuungana kwa amani limekwisha kabisa. Hii ya pili haielezi tumaini hilo litapimwaje, wala ile ya kwanza haisemi Marekani itafanya nini siku hiyo.