Jukwaa na Basi la Shule: Ubaguzi wa Rangi na Malezi katika Jiji la Boston

Katika jiji la Boston, kaskazini mashariki mwa Marekani, ushabiki wa michezo hurithiwa: mtoto hupewa timu na wazee wake kabla hajajua kuchagua, na pamoja na timu hiyo hupokea nyimbo zake, uhasama wake wa jadi na lugha ya jukwaani. Kwa sababu hiyo, ubaguzi wa rangi katika viwanja vya jiji hilo haueleweki vyema bila kutazama pia jinsi watoto wake walivyolelewa na kusomeshwa.

Mfano ulianzia kwa wenye timu. Mwaka 1945 diwani Isadore Muchnick alitishia kuzuia kibali cha Red Sox cha kucheza siku za Jumapili endapo timu hiyo ya besiboli, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ingeendelea kuwafungia mlango wachezaji weusi. Mwezi Aprili timu iliwajaribu Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams katika uwanja wa Fenway Park, lakini haikumsajili hata mmoja. Robinson aliingia ligi kuu mwaka 1947 kupitia timu ya Brooklyn, ilhali Red Sox, iliyomilikiwa na Tom Yawkey, ilisubiri hadi Julai 1959 ndipo ikamchezesha Pumpsie Green, ikawa ya mwisho kati ya timu 16 za enzi hiyo. Kwa miaka 12, mtoto aliyepelekwa Fenway Park aliweza kuwaona weusi katika timu za wageni tu, na somo hilo halikuhitaji mwalimu.

Timu ya mpira wa kikapu ya Celtics ilifuata njia nyingine: ilimchagua Chuck Cooper mwaka 1950, na mwaka 1966 ikamfanya Bill Russell kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi ya NBA. Hata hivyo Russell, aliyeipatia timu hiyo ubingwa mara 11, alivunjiwa nyumba alimokuwa akilea watoto wake katika mji jirani wa Reading. Wavamizi waliandika matusi ya kibaguzi ukutani na kuacha kinyesi kitandani. Vifijo vya uwanjani havikumfuata mchezaji hadi nyumbani kwake.

Chuki hiyo ilijidhihirisha shuleni mwaka 1974, pale Jaji W. Arthur Garrity alipoamua kwamba Kamati ya Shule ya Boston ilikuwa imewatenga wanafunzi kwa rangi kwa makusudi, akaagiza wachanganywe kwa kusafirishwa kwa mabasi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Septemba mwaka huo, mabasi yaliyowarudisha watoto weusi makwao kutoka shule za South Boston, mtaa uliokaliwa hasa na wazungu wenye asili ya Ireland, yalipigwa mawe, na matusi yaliyowapokea watoto hao yalitoka vinywani mwa watu wazima, wakiwemo wazazi. Familia nyingi za wazungu ziliwahamishia watoto wao katika shule za binafsi au zikahamia miji ya pembezoni. Mwaka 1979, wakati wa mechi ya futiboli ya Kimarekani baina ya shule mbili katika mtaa wa Charlestown, mchezaji mweusi wa miaka 15 alipigwa risasi iliyotoka juu ya paa la jengo la jirani, akapooza. Vijana wawili wazungu walitiwa hatiani.

Mkondo huo haukukauka. Mei 2017 Adam Jones, mchezaji mweusi wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles, alieleza kwamba alitukanwa kwa rangi yake katika Fenway Park na kwamba alirushiwa mfuko wa karanga. Kesho yake mashabiki wa uwanja huohuo walisimama wakampigia makofi, na mwaka 2018 barabara iliyobeba jina la Yawkey ilirudishiwa jina lake la zamani, Jersey Street. Kumfukuza mtukanaji uwanjani ni hatua ya lazima, lakini hukata tawi na kuacha mzizi, kwa kuwa tusi la jukwaani hujifunzwa nyumbani na mtaani, mahali palepale ambapo mtoto hufundishwa kuipenda timu. Mwaka 2020 Red Sox yenyewe ilikiri kwamba katika mwaka uliotangulia pekee, zilipokelewa taarifa saba za mashabiki waliotoa matusi ya kibaguzi uwanjani mwake.