Nani aliyeshika msumeno?

Mwaka 1874 manowari ya Kiingereza iitwayo London ilitia nanga Zanzibar. Ilikaa bandarini kwa karibu miaka 10, ikiwa kituo cha mashua zilizosaka majahazi ya watumwa. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa mwaka 1881 karibu na Pemba, na jina lake limo vitabuni. Mwaka 1884 meli hiyo iliuzwa ili ivunjwe.

Lakini nani alipasua mbao zake? Ilijengwa Chatham, Uingereza, katika karakana ya manowari iliyojenga pia Victory, meli aliyofia Nelson. London ilishushwa majini mwaka 1840. Ufundi wa kupiga picha ulikuwa umetangazwa Paris mwaka mmoja tu kabla, 1839. Basi hatuwezi kumlaumu mtu kwamba sura za maseremala wake hatuzijui.

Chatham ilifungwa mwaka 1984, baada ya zaidi ya miaka 400, na maelfu wakakosa kazi. Safari hii kamera zilikuwapo. Lakini picha rasmi za karakana kama hizi mara nyingi ni za sherehe: bendera, wakubwa, chupa ikivunjwa ubavuni mwa meli. Siku za kazi huachiwa mpiga picha wa ridhaa, mtu asiyelipwa, anayeona kwamba benchi lililochakaa na mikono yenye grisi navyo ni historia.

Leo Chatham ni makumbusho. Jengo lake la kusokotea kamba, lenye urefu wa mita 346, lingali linasokota kamba. Jengo hujitunzia urefu wake, lakini halikumbuki waliotembea ndani yake. Kumbukumbu hiyo huitunza picha, tena ile iliyoandikwa nyuma jina, mahali na mwaka. Bila maandishi hayo, baada ya miaka 30 inabaki picha ya mzee fulani mbele ya mashine fulani.

Nasema haya kwa sababu nasi tunao mafundi wa meli, Mwanza, Kigoma na pwani nzima. Wewe mwenye simu yenye kamera, omba ruhusa, ukampige picha fundi akiwa kazini. Kisha muulize jina lake, uliandike. Meli itakayozinduliwa haitakosa wapiga picha. Aliyeichomelea vyuma huenda akawa na wewe tu.