Mafuta ya pamba, nikeli, na deni langu kwa Kidato cha Tatu

Mwenzenu nawaandikia kutoka geto hapa Mkuyuni, nikiwa na deni. Nlipokuwa BTP, mwanafunzi aliniuliza: “Ticha, mafuta ya pamba ni maji, sasa ya kopo yanagandaje?” Nikajibu eti yamepozwa. Kengele ikaniokoa. Jamani, kwetu Usukumani, pamba imesomesha watu, halafu mwalimu anadanganya!

Ukweli ni huu. Mwaka 1897 huko Toulouse, Ufaransa, Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens waliunganisha haidrojeni na ethilini kwa msaada wa unga laini wa nikeli. Nikeli ni kichocheo tu, inaharakisha kazi bila yenyewe kuliwa. Sabatier alipata Nobel mwaka 1912. Mjerumani Wilhelm Normann akaipeleka mbinu hiyo kwenye mafuta, akapewa hataza mwaka 1902. Mwaka 1911 Procter & Gamble ya Marekani ikaanza kuuza Crisco, mafuta ya pamba yaliyogandishwa hivyo.

Murray Raney naye alitokea kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, Tennessee. Hataza yake ya 1927 inaeleza hivi: yeyusha nikeli pamoja na alumini, kisha iondoe alumini kwa soda kali. Inabaki nikeli yenye matundu kama sifongo, na haidrojeni inapata pa kukaa.

Ila kasheshe ni kuchagua. Mafuta ya pamba yana vifungo maradufu vingi. Ukivijaza vyote, yanakuwa magumu kama mshumaa. Ukijaza nusu, baadhi ya vilivyobaki vinageuka mkao, ndo mafuta ya transi yanayodhuru moyo. Mwaka 2018 WHO ilizitaka nchi ziyaondoe viwandani.

Ndo maana watafiti wanatengeneza chembe za metali ndogo mno, ili zijaze kifungo kinachotakiwa tu. Udogo huo unafanya kuzichuja kuwe balaa, kwa hiyo wengine huzipachika juu ya oksidi ya chuma. Kazi ikiisha, unasogeza sumaku, zinakusanyika, unazitumia tena mpaka zichoke. Na nikeli tunayo jirani tu, Kabanga, Ngara.

Kwa hiyo Kidato cha Tatu, mwalimu wenu alikosea. Siyo baridi, ni haidrojeni. Barua naituma kesho, na sumaku moja ndani ya bahasha.

Alamsiki.