Hoja za Namba Sita mjini Singida

Mpenzi wa kandanda wa Singida, hata kama hakupata kusoma kitabu chochote cha mchezo huo, humhukumu mwalimu wa timu kwa tarakimu za nafasi za wachezaji tu, tena kwa ufasaha ambao mimi nauhesabu kuwa ni ilimu kamili. Hesabu hiyo asili yake ni mpango wa kale wa Waingereza, wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Lakini mpango ulipobadilika, huku kwetu namba nne na tano walirudishwa kuwa mabeki wa kati, ilhali sita akabaki mbele yao akiwa mkabaji, na juu yake ndipo mabishano yanapokuwa makali.

Singida United iliporejea Ligi Kuu mwaka 2017, chini ya Mholanzi Hans van der Pluijm, mabishano hayo yalikuwa ya furaha, kwani mwaka uliofuata timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikashindwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2 mjini Arusha. Kisha mwalimu akahamia Azam, ukata ukaingia, na mwaka 2020 timu ikashuka daraja. Waliolaumu mfumo walikuwa na haki ya kulaumu, lakini naamini kwamba hapana mfumo uwezao kusimama ikiwa wachezaji hawadumu.

Mwaka 2022 timu nyingine ya Singida, Singida Big Stars, ilipopanda Ligi Kuu, Pluijm yuleyule ndiye aliyeiongoza, akamaliza msimu katika nafasi ya nne.