Mkanda Mmoja, Picha Thelathini na Sita



Hivi karibuni familia yetu hapa Birmingham ilikuwa na shughuli ya kuvishana pete. Mpwa wangu, mtoto wa dada, aliomba jambo moja lililowashangaza wazee: picha zipigwe kwa kamera ya mkanda, ile ya zamani. Shangazi yake aliguna, "Kwani pesa zimekwisha?" Hakujua kwamba siku hizi mkanda ndio ghali. Mimi ni mhandisi, na kazi yangu kwa miaka mingi ni kung'oa mitambo ya zamani na kufunga mipya, kwa hiyo nilikuwa upande wa shangazi. Sasa nimebadili mawazo. Nitaeleza kwa nini, maana sehemu ya historia hii ilianzia hapa hapa mjini kwetu.

Alexander Parkes alizaliwa Birmingham mwaka 1813. Katika Maonyesho ya Kimataifa ya London ya mwaka 1862 alionyesha kitu alichokiita Parkesine, kilichotokana na selulosi ya mimea iliyotiwa asidi ya nitriki. Hiyo huhesabiwa kuwa plastiki ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1866 na kufa mwaka 1868, lakini wazo halikufa naye. Huko Marekani, John Wesley Hyatt alitengeneza seluloidi, na mwaka 1889 kampuni ya George Eastman ikaanza kuuza mkanda wa plastiki ya aina hiyo, mwepesi, wa kuviringishwa ndani ya kamera. Kabla ya hapo picha nyingi zilipigwa juu ya vioo vizito au karatasi.

Juu ya plastiki hiyo hupakwa jelatini yenye chembe ndogo za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa, hubadilika kidogo mno kuonekana kwa macho. Katika chumba cha giza, dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizopata mwanga kuwa fedha halisi, ila huonekana nyeusi. Dawa ya pili huyeyusha zilizobaki. Kwa hiyo picha ya harusi ya nyeusi na nyeupe ni fedha kweli, ndugu wa ile inayofuliwa na masonara wa Jewellery Quarter. Katika mkanda wa rangi fedha huondolewa mwishoni, rangi ndizo zinazobaki.

Fedha hiyo ndiyo iliyobeba sura za wageni wa mji huu. Katika mtaa wa Balsall Heath, barabara ya Moseley, Ernest Dyche na mwanawe Malcolm walikuwa na studio yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wahamiaji kutoka Karibiani, Bara Hindi na Afrika waliingia humo wakiwa katika nguo zao nzuri, wakapigwa picha, wakazituma kwao: "Tazameni, tu wazima." Leo mkusanyiko huo uko katika maktaba kuu ya Birmingham. Sura zinaonekana wazi, lakini wengi wao majina hayajulikani.

Na sisi tuliotoka pwani tuna studio zetu. Capital Art Studio ya Unguja ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye ikashikwa na mwanawe Rohit. Mombasa alikuwapo N. V. Parekh, ambaye maharusi wengi walimwendea wakakaa mbele ya taa zake. Mtu alipigwa picha moja au mbili tu, akazilipia, akazisubiri. Kwa sababu zilikuwa chache, zilitiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni.

Sasa nije kwangu. Mimi nilioa mwaka 1997, na mdogo wangu wa mwisho aliolewa mwaka 2006. Harusi yake ilipigwa kwa kamera ya dijitali, picha zaidi ya mia nane, tukapewa katika sidii moja. Tulifurahi, hatukusafisha hata moja. Marehemu mama alikuwa bado mzima, na hiyo ndiyo harusi ya mwisho aliyoicheza. Leo sidii ile haisomeki. Nimejaribu kila mashine ninayoijua, na kujaribu mashine ndiyo kazi yangu. Lakini negativu za mwaka 1997 zimo ndani ya kopo la biskuti. Mpwa wangu alizipeleka kusafishwa upya, na bibi yake akatokea akicheka, mkono mdomoni. "Mjomba," aliniambia, "mimi nataka cha kutia kwenye kopo."

Nisiusifu mkanda kupita kiasi. Katika harusi yangu hiyo hiyo, fundi alifungua kamera kabla mkanda haujarudi ndani, na picha zote za kupamba zikaungua kwa mwanga. Kulikuwa pia na suala la sitara: picha za kina mama wasiojifunika zilipitia mikononi mwa fundi wasiyemjua. Ila fundi alikuwa mtu mmoja. Leo picha ya ukumbini huzunguka dunia kwa simu kabla pilau haijapakuliwa.

Mkanda wenyewe nao ulinusurika. Kodak iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika Januari 2012, lakini haikuacha kutengeneza mikanda, na mikanda ya Ilford bado inatengenezwa Mobberley, Cheshire. Miongoni mwa wateja wake wamo vijana.

Siku ya pete mpigapicha alikuwa na mkanda mmoja tu wa picha 36. Kila alipoinua kamera watu walinyamaza, wakatengeneza mitandio, wakasogeleana. Picha zilipokuja baada ya wiki mbili, mbili zilikuwa na ukungu. Shangazi ndiye aliyechukua kalamu, akaandika nyuma ya kila moja: jina la kila mtu, mahali, tarehe. Watu wa Balsall Heath hawakuandikiwa. Ndugu zangu, nanyi andikeni.