Farasi Aliyepandishwa Garini

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Unguja ukashika njia ya kusini mpaka Mbweni, si ajabu kukutana na punda anavuta gari ya mchanga au ya matofali. Jua ni kali, mwenyewe ana fimbo mkononi, na mnyama hana ulimi wa kusema kuwa amechoka. Muweke punda huyo moyoni, kisha usikilize khabari za farasi mmoja aliyewashinda farasi wote wa zama zake.

Farasi huyo alizaliwa Uingereza tarehe 1 Aprili 1764, siku lilipopatwa jua, na kwa ajili hiyo akaitwa Eclipse, maana yake kupatwa kwa jua. Asili yake ni ya huku Mashariki. Babu wa babu yake kuumeni alikuwa farasi wa Kiarabu aliyenunuliwa Halab, katika nchi ya Sham, na Mwingereza Thomas Darley, akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Eclipse alizaliwa katika zizi la mwana wa mfalme. Bwana huyo alipofariki mwaka 1765, farasi aliuzwa kwa gini 75, akanunuliwa na mfanya biashara wa mifugo, William Wildman.

Hakutiwa mashindanoni mpaka alipofika miaka 5, mwezi wa Mei 1769, huko Epsom. Alishindana mara 18 na hakushindwa hata mara moja. Dennis O'Kelly, mcheza kamari aliyepata kufungwa kwa madeni, akamnunua akatajirika kwake. Mwisho hakupatikana tena mtu wa kuthubutu kuweka fedha dhidi yake, basi akaondoshwa mbioni akawekwa kuzalisha. Leo, katika kila farasi kumi wa mbio wa aina ya Thoroughbred duniani, zaidi ya tisa nasaba yao ya kuumeni inarejea kwake.

Wengi hukomea hapa. Sisi na tuendelee mbele kidogo.

Farasi huyo asiyepata mwenziwe wa kumfukuza, uzeeni kwato zake ziliharibika hata akashindwa kwenda safari ndefu. Alipotakiwa kuhamishwa, alitengenezewa gari ya magurudumu manne, akapandishwa humo, akavutwa na farasi wawili. Tarehe 27 Februari 1789 akafa kwa maradhi ya tumbo. Watu walijua kuhesabu kila gini aliyowaletea, lakini katika Uingereza nzima siku hizo hapakuwa na chuo hata kimoja cha kufundisha utabibu wa wanyama.

Mfaransa Vial de Sainbel, aliyesomea utabibu huo Lyon, ndiye aliyempasua na kupima viungo vyake. Kazi hiyo ilimpa jina, na chuo cha kwanza kilipoanzishwa London mwaka 1791, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa mwanzo. Mifupa ya Eclipse ingali imehifadhiwa katika chuo hicho.

Ilimu ya namna hiyo, ya kuwatazama wanyama na kuyafahamu maradhi yao, imetufaa na sisi. Kwa miaka mingi mbung'o waliisumbua mifugo ya Unguja kwa maradhi ya nagana. Wataalamu wakamwaga kwa ndege mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na mwaka 1997 ikatangazwa kuwa kisiwa kimesalimika.

Ama katika dini yetu, mnyama hakusahauliwa. Sura ya Al-Adiyat inaanza kwa kuapiwa farasi waendao mbio. Na Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina: waliozoezwa walikimbizwa masafa marefu, kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wasiozoezwa wakapewa masafa mafupi. Zingatia hapo, ndugu yangu. Kila mnyama alipewa kadiri ya nguvu zake.

Basi rudi kwa yule punda wa Mbweni. Yeye hana nasaba iliyoandikwa, wala hakuna atakayehifadhi mifupa yake. Hata hivyo nyumba zetu zimejengwa kwa mchanga alioukokota. Sisi husema kuwa shukurani ya punda ni mateke. Je, shukurani yetu sisi kwake ni nini? Ikiwa ni fimbo juu ya kidonda, na mzigo usiopimwa, na kiu mchana kutwa, basi tumtazame vizuri kabla ya kusema ni nani kati yetu asiye na shukurani.